Kambi Kumi na Nne za Mama Yujin

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi barafu bado imeganda kando ya barabara ya Broad, na Oh Myung-sook ameshapekua mifuko ya makoti tisa. Anaingiza vidole viwili taratibu, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Zinatoka kalamu, risiti ya mkahawa, peremende iliyoyeyuka, hereni moja isiyo na mwenzake.

Kila anachokipata anakitia kwenye bahasha ndogo, anaibana kwa stepla kwenye namba ya nguo, kisha anachukua koti linalofuata.

"Sheria ya dobi ni moja," anasema bila kuinua uso. "Cha mfukoni hakisomwi. Kinarudi kwa mwenyewe kama kilivyokuja."

Mvuke wa pasi kubwa unapanda nyuma yake.

"Miaka kumi na minane nimeishika sheria hiyo. Nikaivunja siku moja tu, na kwa sababu hiyo mwanangu nusura alie mbele ya mwalimu wake."

Hapa Palisades Park, mji mdogo wenye Wakorea wengi, hakuna anayemwita Myung-sook. Ni Mama Haerin, kwa jina la binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na sita. Yeye ana arobaini na tisa. Ndiye fundi cherehani wa duka la dobi la mzee Noh, na mtu akinunua suruali ndefu kuliko miguu yake, hapa ndipo anapoileta.

Pindo la suruali moja ni dola kumi na sita. Nusu ni ya mzee Noh, nusu ni yake. Wiki nzuri, ukijumlisha zipu na bitana, anapata dola mia sita na kitu. Wiki ya theluji, wateja wanapojifungia ndani, anapata mia tatu. Mumewe anaendesha lori la mboga la duka kubwa, naye hutoka nyumbani mapema kuliko mkewe.

Ukimwuliza kama maisha ni magumu, anacheka. Mgongo ndio mgumu, anasema. Anakalia mto aliouburuta kutoka nyumbani, umeshonwa kwa vipande vya bitana za watu.

Kilichomkosesha raha tangu Desemba si mgongo. Ni hesabu ya kambi.

Mwenye mtoto wa darasa la kumi na moja katika mji huu hahitaji kuambiwa kambi gani. Ni zile za masomo, za likizo ya kiangazi, ambazo vyuo na maabara huchukua watoto kwa wiki tano au sita. Zilizo bora hazitozi ada, ndiyo maana watoto elfu tatu hugombea nafasi thelathini. Kiangazi cha darasa la kumi na moja ndicho cha mwisho kabla ya maombi ya chuo kikuu. Kikishapita, kimepita.

Basi kuanzia Desemba mpaka Februari akina mama wana swali moja tu vifuani mwao. Mtoto aombe ngapi?

Haerin alikuwa na jibu lake. Alisema mbili.

Ya kwanza ni kituo cha utafiti wa vijito, milimani Vermont. Huchukua watoto kumi na sita. Ya pili iko kando ya ziwa, Ohio. Zote mbili ni za wadudu wa majini, kwa kuwa Haerin, kila Jumamosi tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, huvaa mabuti ya mpira akaingia kwenye kijito kinachopita nyuma ya uwanja wa mpira. Anainua majani yaliyooza, anahesabu wadudu waliojificha chini yake, anaandika.

"Nilikuwa nikiona aibu," mama yake anakiri. "Watoto wa wenzangu wanapiga fidla. Wangu ananuka matope."

Baba Haerin alisema mbili zinatosha. Mkewe akamwambia ashughulike na kabeji zake.

Kulikuwa na jambo jingine la kuwekwa kwenye hesabu. Kila kambi inataka barua ya mapendekezo kutoka kwa mwalimu wa somo, na Mwalimu Petrakis, anayefundisha baiolojia, ana utaratibu wake. Kila mwanafunzi anaandikiwa kambi tatu, haongezi hata moja. Majina ya kambi yamfikie kabla ya tarehe ishirini Januari. Haerin alikuwa nazo mbili na nafasi moja wazi, na hakuwa na wasiwasi wowote.

Wasiwasi ulianzia kanisani, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, kwenye ukumbi wa chini wanakokula baada ya ibada. Siku hiyo kulikuwa na supu ya nyama na figili. Akina mama walikaa meza yao ya siku zote, karibu na jiko, ambako maneno hayasikiki mbali.

Anayekaa kichwani mwa meza hiyo ni Bang Kyung-ah, Mama Yujin. Mumewe ana duka la dawa. Mwanawe Yujin yuko darasa moja na Haerin, na tangu shule ya msingi wawili hao wamekuwa wakipimwa kama mapande mawili ya nyama kwenye mizani. Yujin alipopewa tuzo ya hisabati, Mama Haerin aliumwa kichwa siku mbili. Hafichi.

"Mama Yujin," mmoja aliuliza, "kijana anaomba kambi ngapi?"

"Aa, moja tu. Sisi hatutaki kumchosha mtoto."

"Moja!"

"Moja, dada. Akipata sawa, akikosa atalala." Akageuka. "Na wewe, Mama Haerin?"

"Mbili," akajibu Mama Haerin.

Mtu akaomba kimchi, ile kabeji ya pilipili. Mama Yujin akatabasamu kwa midomo bila macho.

Mwenye kukaa meza ile anajua kwamba pale namba haitajwi ilivyo. Kama ni tisa, unasema tatu. Kama ni tano, unasema bado hatujaamua. Si uongo, ni adabu, na pia ni ulinzi, maana ukitaja kambi yako leo, kesho mtoto wa jirani naye ameiomba. Kila mmoja anapunguza, na kila anayesikia anajumlisha kimoyomoyo.

"Mimi nilisema kweli kwa sababu sikuwa na cha kuficha," anasema Mama Haerin. "Lakini yeye, moja! Niliiona pale pale kwamba si moja. Sikujua tu ni ngapi."

Siku nne baadaye alijua.

Koti la Mama Yujin lililetwa dukani, la sufu, rangi ya ngamia, bitana imechanika kwapani. Mumewe ndiye aliyelileta, akaliacha kaunta, akaondoka na haraka zake. Mama Haerin akapekua mifuko. Wa kulia ulikuwa na kitambaa cha pua. Wa kushoto ulikuwa na karatasi iliyokunjwa.

"Nilijua ni mwandiko wake kabla sijaifungua. Anakaza herufi kama anachora."

Mzee Noh alikuwa nyuma, anapanga hanga za nguo. Mama Haerin akaifungua.

Yalikuwa majina ya kambi, na mbele ya kila jina tarehe ya mwisho. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena, akidhani amerudia mstari. Zilikuwa kumi na nne.

"Uso ulinichoma," anasema. "Nilitaka kwenda kupiga kengele mlangoni kwake nimwambie, moja, eeh? Moja yako hii hapa, ina watoto kumi na watatu!"

Hakwenda. Alifanya kitu ambacho anasema alikiona ni cha akili wakati ule. Alichana kipande cha karatasi ya kukatia nguo, akachukua penseli ya fundi, akanakili majina yote, na tarehe zote, na hata alama za nyota alizoweka Mama Yujin pembeni. Kisha akaikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akaibana kwa stepla.

Mzee Noh alipita nyuma yake akasema, "Mama Haerin, leo unachora ramani ya hazina?"

"Napima bega, mzee."

"Bega la nani lina tarehe?"

Akavuta koti linalofuata.

Haerin alikuwa anakula alipowekewa karatasi mbele ya bakuli lake.

"Tunaomba hizi," mama yake alimwambia.

Msichana akaisoma mpaka chini. "Hizi umezitoa wapi?"

"Mama anajua alikozitoa."

"Mama, hii ni ya roboti."

"Utajifunza roboti."

"Na hii ni ya uchumi. Na hii ni ya kuandika tamthilia! Mimi ni mtu wa kuandika tamthilia?"

"Hapa nyumbani mbona unaigiza kila siku?"

Haerin hakucheka. "Mwalimu Petrakis anaandika tatu tu."

"Mwalimu ni mtu. Mtu huombwa."

Mama Haerin anaeleza jambo hapa, huku akivuta suruali chini ya sindano. Wivu wake, anasema, ni mkubwa kwa umri kuliko mwanawe. Alikulia Gunsan, mji wa bandari kule Korea, kwenye ua mmoja na binamu yake Mi-ran. Walizaliwa wakipishana miezi miwili. Walipofika miaka kumi na sita, Mi-ran alipelekwa Seoul kusoma masomo ya ziada wakati wa likizo. Baba yake Mi-ran alikuwa karani, baba yake yeye alikuwa anabeba mbao kiwandani.

"Nilimsindikiza mpaka stesheni. Begi lake nilibeba mimi, maana yeye alivaa viatu vipya. Treni ikaondoka, nikarudi kwa miguu. Mwaka uliofuata niliingia kiwanda cha mashati." Anakata uzi. "Leo Mi-ran ni daktari wa meno. Sina ubaya naye. Lakini begi lile naliona mpaka kesho."

Kwa hiyo alipoona kumi na nne, aliona begi.

Haerin alijaribu. Kila kambi ya orodha ile ilitaka insha mbili, nyingine tatu, na kila insha ilitaka kujua kwa nini yeye anaitaka kambi hiyo na si nyingine. Kwa kambi ya roboti aliandika kwamba tangu utotoni amependa roboti. Kwa ya uchumi aliandika kwamba tangu utotoni amependa uchumi. Mama yake, ambaye Kiingereza chake ni cha dukani, alikuwa anaweka alama ya penseli kwenye karatasi kila moja ilipokwisha. Tano. Sita.

Ilipofika ya saba, msichana aliacha kuzungumza wakati wa kula.

"Mzee Noh ndiye aliyenisema kwanza," anakumbuka Mama Haerin. Siku hiyo alikuwa anamsimulia mzee kwamba bado kambi saba.

"Mama Haerin," mzee alimwuliza, "wewe kwa siku unakunja pindo za suruali ngapi?"

"Tisa. Kumi nikibanwa."

"Na ile ya kumi inatokaje?"

"Imepinda kidogo."

"Nani huifumua?"

"Mimi."

"Haya," mzee akasema, akarudi kwenye pasi yake.

Mama Haerin alielewa, ila hakutaka kuelewa. Anasema alimwona mzee kama mtu asiye na mtoto wa darasa la kumi na moja, na kweli hana. Watoto wake wako California, wamezeeka.

Tarehe kumi na mbili Januari aliomba ruhusa ya saa mbili. Alipita duka la matunda akanunua sanduku la peasi za Kikorea, zile kubwa za duara, kila moja imevikwa soksi ya sponji. Akamwambia muuzaji alifunge kwa kitambaa cha hariri. Akaenda nalo shuleni, kumwona Mwalimu Petrakis. Haerin aliitwa kutoka darasani aje kumtafsiria.

Mlango ulipofunguliwa, kitu cha kwanza alichokiona Mama Haerin kilikuwa sakafuni, karibu na kabati. Masanduku mawili ya peasi. Moja lilikuwa limefungwa kwa kitambaa cha hariri kama chake, rangi tu ndiyo tofauti.

"Nilitamani nilimeze sanduku langu," anasema.

Mwalimu Petrakis ni mama wa makamo, nywele fupi, mikono ina madoa ya wino. Alimkaribisha kiti. Akasema, na Haerin akatafsiri akiwa ameinamisha kichwa, "Mama, wewe ni wa tatu kuniletea peasi mwezi huu. Walimu wenzangu wamenenepa. Wote mnataka jambo moja."

"Mwambie kumi na nne," Mama Haerin akamnong'oneza binti yake.

"Mama, siwezi kusema hivyo."

"Mwambie!"

Haerin akasema. Sauti ilimkatika katikati.

Mwalimu hakukasirika. Alisema ana wanafunzi arobaini na mmoja wanaotaka barua. Kama angemwandikia kila mmoja kumi na nne, angelazimika kuandika barua moja akabadilisha majina, na wale wanaozisoma hutambua barua ya namna hiyo kwenye mstari wa pili. "Tatu naweza kuandika kuhusu Haerin," alisema. "Kumi na nne nitaandika kuhusu mwanafunzi yeyote."

Kisha akamgeukia msichana mwenyewe. "Daftari la kijito limefikia wapi?"

Haerin akatazama sakafu.

Mama yake hakuwa na habari kwamba kuna daftari linalotakiwa. Alijua tu mwanawe huandika. Alikuja kuelewa Jumapili iliyofuata, Baba Haerin alipokuwa kanisani anapanga viti na wao wawili wamechelewa. Kituo cha Vermont hakitaki insha. Kinataka daftari la mkono, kurasa za wiki kumi na mbili mfululizo, lenye alichokiona mwombaji kwenye maji yaliyo karibu na kwao. Linatumwa kwa posta.

Daftari lilikuwa juu ya kitanda. Mama Haerin akalifungua.

Kiingereza kile hakukisoma. Aliona michoro. Miguu sita sita, mikia mitatu mitatu, mapezi madogo ubavuni yenye unene wa unywele. Aliona madoa ya maji yaliyokaushwa. Kila Jumamosi ilikuwa na kurasa mbili zilizojaa mpaka pembeni, na yeye, ambaye kazi yake ni kutazama kama mshono umenyooka, aliona kwamba mkono ule haukuwa na haraka.

Kisha akafika Januari. Jumamosi ya kwanza ilikuwa na tarehe na mstari mmoja. Ya pili, tarehe na mstari mmoja. Kurasa zilizobaki zilikuwa nyeupe.

"Hapa umeandika nini?" akauliza.

Haerin alikuwa anavaa soksi. "Nimeandika sikwenda."

"Na hapa?"

"Sikwenda."

"Kwa nini umeandika hivyo? Si ungejaza tu? Mdudu ni mdudu."

"Sikuwaona, Mama. Siwezi kuandika ambao sikuwaona." Akavuta soksi ya pili. "Jumamosi zile nilikuwa naandika kwamba tangu utotoni nimependa roboti."

Hawakwenda kanisani siku hiyo. Haerin alichukua mabuti akaenda kijitoni ingawa haikuwa Jumamosi, na mama yake akabaki amekaa kitandani na lile daftari mapajani.

Hata hivyo, anasema, bado hakuwa amekubali. Mtu asifikiri kwamba moyo wake ulibadilika kama taa. Usiku na mchana alikuwa anajiambia, sawa, tupunguze, lakini tukipunguza, Yujin anabaki na kumi na nne. Yujin kumi na nne, Haerin tatu. Namba hizo zilikuwa zinamtembelea kama kidonda cha mdomoni ambacho ulimi hauachi kukigusa.

Kesho yake, tarehe kumi na sita, mwenye koti akaja.

Koti lilikuwa limeshakaa dukani wiki tatu. Wenye makoti manne hawana haraka, anasema Mama Haerin, na anasema kwa sauti ya mtu aliyeyahesabu.

Mama Yujin alilipa, akachana bahasha pale pale kaunta, akatoa karatasi. Akaitazama. Akamtazama fundi.

"Mimi hukunja mara nne," akasema. "Hii imekunjwa mara tatu."

Mama Haerin alihisi masikio yanawaka. Nyuma, pasi ya mzee Noh ilinyamaza ghafla.

"Nimeisoma," akasema.

"Najua umeisoma. Ningekuwa mimi ningeisoma pia." Mama Yujin akaiweka karatasi kwenye kaunta. "Umeinakili?"

"Nimeinakili."

"Zote?"

"Zote. Na nyota."

"Na nyota! Na umemwambia mtoto aombe zote kumi na nne?"

"Wewe si umemwambia wako?"

"Wangu alifika ya sita akafunga kompyuta. Akaniambia, Mama, zilizobaki omba wewe, uende wewe." Akajaribu kucheka. "Sasa anakula chumbani. Wiki ya pili hii."

Mama Haerin hakumwonea huruma. Alikuwa ameshika jambo lake. "Kanisani ulisema moja."

"Na wewe ulisema mbili!"

"Ni mbili."

"Acha wewe."

"Mbili, Mama Yujin. Za Haerin ni mbili. Zilikuwa mbili mpaka nilipoona karatasi yako."

Mama Yujin akamkazia macho, anatafuta uongo ulipo. Alipoukosa, alikaa kwenye kiti cha wateja, koti mapajani, bado limo kwenye nailoni.

"Zetu zilikuwa tano," akasema taratibu. "Tulipotoka kanisani nilimwambia Baba Yujin, yule mwanamke amesema mbili bila kupepesa macho. Anayesema mbili hivyo anazo kumi. Nikakaa nikatafuta nyingine tisa siku ile ile. Kwa ajili yako."

Walitazamana. Mzee Noh anaapa kwamba katika miaka yake yote ya kuondoa madoa hajawahi kuona duka lake limetulia vile.

"Kwa nini mbili?" Mama Yujin akauliza mwishowe.

"Anapenda wadudu."

"Wadudu?"

"Wa mtoni. Hataki kingine. Nimempa roboti, kaandika, lakini ukimwona uso utadhani anakunywa dawa."

Mama Yujin akanyoosha nailoni kwa kiganja, akainyoosha tena. "Yujin nikimwuliza anapenda nini, ananiuliza, wewe unataka nipende nini? Ndiyo maana zilikuwa tano, zikawa kumi na nne. Hakuna hata moja iliyo yake." Akasimama. "Una bahati mpaka inakera, Mama Haerin."

Alilitamka kama mtu anayetema mbegu. Mlangoni akageuka. "Kanisani usiseme."

"Na wewe usiseme."

Mama Haerin anakiri kwamba siku ile alishona vizuri kuliko siku nyingi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mtu ambaye siku zote yeye ndiye humwonea wivu alikuwa amemwonea wivu yeye. Anasema ni kitu kitamu, na anaomba Mungu amsamehe utamu huo.

Jioni aliiweka karatasi ya kukatia nguo mezani mbele ya Haerin, pamoja na kifutio.

"Futa," akamwambia. "Baki na zako mbili."

Haerin hakuamini. "Zote?"

"Futa kabla sijageuza mawazo."

Msichana akaanza kufuta kutoka chini. Alipofika mstari wa juu akasita. "Mwalimu anatoa barua tatu. Nafasi moja ipo. Ya tatu chagua wewe, Mama."

Baba Haerin, aliyekuwa anakata figili, alisema kwamba mtoto ana busara kuliko wao wote. Mama Haerin hakumsikia. Macho yake yalikuwa yameshaenda juu kabisa ya orodha, kwenye mstari wa kwanza, ule wenye nyota mbili za Mama Yujin. Ni maabara ya chuo kimoja cha Boston. Hapo ndipo watoto elfu tatu hugombea nafasi thelathini.

"Hii," akasema, akaweka kidole.

"Nilijua!" Haerin akacheka mpaka akashika tumbo. Ilikuwa mara ya kwanza mwezi huo.

"Umejua nini? Wanapima maji pale. Maji si ndiyo yenye wadudu?"

Kambi tatu zikaandikwa, barua tatu zikatoka kwa Mwalimu Petrakis kwa wakati. Daftari la Vermont lilitumwa mwisho wa Januari kama lilivyo, na zile Jumamosi mbili tupu ndani yake. Mama Haerin alimsihi binti yake aeleze angalau kwamba kosa ni la mama. Haerin alikataa. Alisema daftari ni la wadudu, si la lawama.

Sasa ni Machi. Ijumaa iliyopita watu wa ziwa la Ohio wamejibu, na wamesema hapana. Haerin alilia kidogo bafuni akidhani maji ya bomba yanamficha, kisha akatoka akaomba wali.

Zimebaki mbili. Jibu la Vermont litakuja wiki ya mwisho ya mwezi, na la Boston wiki hiyo hiyo. Mama Haerin anasema kinachomwamsha si Boston. Ni zile kurasa mbili nyeupe. Kama watu wa mlimani watazifungua wakasema mtoto huyu hakuwa na bidii, atajua ni nani aliyezifanya nyeupe, na hana mtu wa kumsukumia lawama.

"Akipata ya mlimani, nampeleka mwenyewe," aliliambia gazeti hili. Ameshaomba siku tatu mwishoni mwa Juni. Hajawahi kuomba siku tatu tangu aanze kazi, na mzee Noh alimwuliza kama anakwenda kuolewa tena. Anataka kuona kijito cha huko kikoje. Begi, anasema, atalibeba yeye, na safari hii atapanda na kulifikisha.

Na Yujin je? Yeye amebakisha Boston peke yake, ile yenye nyota mbili. Nyingine zote alizofuta mama yake hakuna aliyezitaja tena. Mezani kanisani wanawake wawili hao sasa hukaa wakitazamana, na mtu akiuliza namba wote wawili hugeukia supu.

Mama Haerin anaweka suruali nyingine chini ya sindano na kulainisha pindo kwa kidole gumba.

"Namwombea," anasema. "Kweli kabisa, kila asubuhi, kwa jina lake. Namwambia Mungu, Yujin naye apate, mama yake amelia vya kutosha."

Anakanyaga mashine, inakimbia mpaka mwisho wa pindo, inasimama. Anakata uzi kwa meno.

"Ila barua yetu itangulie. Hata kwa dakika kumi."